Njia ya Tatu

Fundi alikuwa akipima betri kwa ulimi. Zile betri ndogo za mraba, zenye vichwa viwili juu, alizilamba moja moja asubuhi ya harusi, amefumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, kisha akatoa hukumu: hii nzima, hii itakufa saa nane, hii tupa. Sikuwahi kumwona akikosea. Ikitokea mjomba wa bwana harusi amesimama karibu anashangaa, Fundi alimkabidhi moja na kumwambia kwa upole, "Jaribu, mzee wangu, ina ladha ya ndimu." Mjomba akilamba, ulimi ukimchoma na machozi yakimtoka mbele ya wakwe, Fundi alicheka bila kutoa sauti, mabega tu yakitikisika. Na mimi nilicheka. Nalisema hilo mapema kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya sana, na sitaki mtu adhani kwamba mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kilipakana na studio yake hapa Masasi, tukitenganishwa na ukuta wa mabanzi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila kitu kilipofunguliwa kwa pamoja. Mitumba ilishuka kwa marobota, wanunuzi binafsi wa korosho walikuja na malori yao, na mtu aliyeuza korosho zake vizuri hakuona kama harusi ya mwanawe imekamilika bila video. Wapiga video walikuwa wengi. Mwenye maiki zisizo na waya alikuwa mmoja, tena alikuwa nazo nne, tena akizirekodi zote kwa mpigo.

Wenzake walichukua sauti ya kamera tu. Kwenye kanda zao utasikia jenereta, vigelegele na mtoto anayelia, lakini bwana harusi anapokubali mke humsikii. Fundi alibana maiki ndogo kama punje ya kunde kwenye nguo ya kila mhusika. Waya mfupi ulishuka hadi kwenye kidude kilichofichwa kiunoni, kidude kikarusha sauti hewani, na mezani kwake vipokezi vinne vikaidaka. Kila kidude kilikuwa na masafa yake na utepe wa rangi yake: mwekundu, wa njano, wa kijani, mweusi. Kutoka hapo sauti ziliingia kwenye mashine ya njia nne. Kanda yenyewe ni ileile ya redio, lakini ile mashine iliigawa njia nne zinazokwenda sambamba, kila mtu na yake. Kusikiliza ulibonyeza kitufe kimoja. Kurekodi ulibonyeza viwili pamoja, cheupe na chekundu, navyo vilitoa mlio wa kipekee, mzito, ambao mimi hadi leo naujua hata nikiwa nimelala.

"Msinichanganyie watu," alikuwa akisema. Vidude viwili vikikutana kwenye masafa mamoja vinakoroma, na kazi ya siku nzima inaharibika. Sauti zikishaingia njia moja hakuna wa kuzitenganisha. Kwa hiyo alisimamia wageni kama mwalimu wa zamu. Mwekundu asikae karibu na mweusi. Wa njano asiegemee bati. Na kabla ya kuanza alipiga kofi moja kubwa mbele ya kamera, ili baadaye ajue picha na sauti zikutane wapi. Kofi hilo alilipiga karibu kabisa na uso wa mtu, makusudi, na aliyeshtuka alikuwa amejipatia jina la siku hiyo.

Alikuwa mrefu, mkavu, shati jeupe kila siku. Hedifoni zake alizifuta kwa kitambaa ambacho hakuruhusiwa mtu kukigusa. Sikumbuki akipaza sauti hata mara moja. Alizungumza chini kiasi kwamba ilibidi umwinamie, na ukishainama ndipo akakuambia jambo la kukukata maini.

Nilivyoingia kazini kwake ni rahisi kueleza. Mwanamume hawezi kupeleka mkono kwenye nguo ya bibi harusi. Aliniomba nimshonee vifuko vya vidude, vyenye utepe wa kufunga kiunoni, kisha akaniomba nikavifunge mwenyewe. Nilikwenda harusi moja, nikaenda ya pili, nikawa wa kudumu. Nikafunga mabibi harusi, makungwi, mashangazi na wake wa wachungaji, kuanzia Masasi hadi huko juu Newala. Wanawake walinivulia kanga zao kwa sababu nilikuwa mwanamke mwenzao mwenye mikono myepesi.

Nami niliwadanganya wote.

Ilianza hivi. Mwanamke akienda msalani alikizima kidude, na kukizima kulitoa mlio uliokwenda moja kwa moja kwenye kanda. Fundi akachoka. "Waambie kamera isipowatazama hakisikii," alinifundisha. "Watatulia." Kweli walitulia. Watu wetu maiki waliyoijua ni ya mikutano ya hadhara, ile unayoishika mkononi na kuisogeza mdomoni, ukiisogeza mbali imekufa. Kitu kisicho na waya wa kuonekana, kimejibanza kifuani hakina habari na mtu, kitasikiaje? Macho yao yote yalikuwa kwenye kamera na kile kitaa chake chekundu. Nimewaona watu wazima wakijificha nyuma ya kinu cha kutwangia ili kamera isiwaone, kisha wakamwaga siri za ukoo mzima huku maiki iko inchi nne kutoka midomoni mwao.

Fundi alizipokea zote. Alikaa kwenye kistuli chake, hedifoni masikioni, anageuza vitufe, anaruka kutoka njia moja hadi nyingine kama mtu anayepita nyumba za jirani bila hodi. Mara anainua kidole, mara mabega yanatikisika. Ukimwuliza, "Kuna nini?" alikujibu jibu lile lile: "Hakuna kitu. Napima tu."

Baada ya wiki moja ndipo ulipojua alichokuwa akipima. Familia ilikusanyika kuangalia kanda, ndugu na majirani, watoto mkekani mbele, na Fundi alikuja mwenyewe na televisheni yake. Harusi ikishakwisha kwenye kioo, watu wanataka kuinuka, alisema, "Kaeni kidogo. Kuna ya pembeni." Hapo ndipo shangazi alipojisikia akiisema sura ya bibi harusi. Bwana harusi alijisikia akimwambia rafiki yake kwamba angemchukua yule mdogo mtu kama wangemruhusu. Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Hakuna aliyempiga. Mgeni anaweza kushangaa, lakini mtu wa huku anaelewa. Fundi alikuwa Mmakua, na sisi Wamakonde na wao ni watani. Mtani ana haki. Atakuja msibani kwako, alale juu ya mkeka wa maiti adai chakula, nawe utacheka huku unalia. Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko lolote alilolisema. "Nyie watu wa juu," alikuwa akiwaambia wa Newala, ambako maji ni ya shida tangu zamani, "mnaoga mara mbili, mkizaliwa na mkifa." Wakacheka. Na alipowachezea kanda ya pembeni walicheka vilevile, kwa sababu hawakuachiwa mlango mwingine wa kutokea. Kwa Wamakua wenzake alitafuta upenyo mwingine, wa dini au wa kijiji. Hakukosa.

Kanisani hakuhitaji hata siri. Kuna kwaya moja hapa bondeni iliyotaka kutoa video. Akaweka maiki nne, kila sauti moja, ya kwanza hadi ya nne. Sauti ya pili iliongozwa na mama mmoja aliyeimba humo tangu usichana wake, mtu wa kuheshimika, mkono wake wa kulia ulipiga mapigo bila yeye kujua. Walipomaliza, kwaya yote ikaja studio kusikiliza. Ilikuwa nzuri, wakakumbatiana. Fundi akasema, "Sasa sikilizeni kazi ilivyo," akazifunga njia tatu, akaacha ya pili peke yake. Ikatoka sauti ya yule mama, uchi, bila wenzake wa kuibeba. Ilikuwa inapinda. Inapanda pasipotakiwa, inatafuta, haipati. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuisikia peke yake, hata mwenyewe. Fundi aliiacha ikaimba beti zote tatu. Yule mama alisimama hadi mwisho, akasema, "Asante, Fundi," akaenda nyumbani kwake Lisekese, na kwaya hakurudi tena. Jumapili aliketi viti vya nyuma akafunga mdomo hata kwenye nyimbo za kitabu.

Nilimwambia Fundi siku ile kwamba amefanya vibaya. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Mimi nimepinda?" aliniuliza.

Na bado mtu huyuhuyu aliwahi kuwafukuza wageni fulani waliokuja na gari zuri, wakitaka awatilie maiki kwenye unyago ili wapate nyimbo za wanawake. Waliahidi makubwa. Aliwasikiliza hadi mwisho, akawaambia kule haendi na maiki zake haziendi, akarudi kufuta hedifoni. Nilimwuliza kwa nini. "Kuna mahali pa kusikia na mahali pa kupita," alisema. Sijui ile mipaka aliichora wapi. Mimi nilijikuta nje yake.

Mpaka mwingine ulikuwa mkewe, Mama Stella. Alikuwa mfupi, mweupe wa meno, mpishi wa kutegemewa. Fundi alikwenda naye kila harusi kwa sababu hakula chakula cha mtu mwingine, na wenye shughuli walifurahi kupata mkono wa ziada jikoni. Yeye mwenyewe Fundi alimchotea maji, mwanamume mzima na ndoo, watu wakamcheka naye asijali. Mara nyingi watu walisema Mama Stella afungwe maiki, kwani alijua kuimba. Fundi alikataa. "Sauti ya mke wangu si ya watu," alisema, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na utani ndani yake. Niliona wivu, na sioni haya kulisema.

Kwa maana mimi wakati ule nilikuwa na miaka tisa ndani ya ndoa na hakuna mtoto. Kwetu mwanamke akishazaa anapoteza jina lake na kupewa la mtoto, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mama Stella, Mama Juma, Mama Hadija. Mimi nilibaki Somoe, kama msichana wa shule, hadi siku Fundi aliponiita mbele ya harusi nzima: "Mama Maiki! Njoo umvue mwanao huyu." Jina likashika siku ileile. Sokoni, stendi, hadi msikitini upande wa wanawake, nikawa Mama Maiki. Mtani amenipa mtoto wa betri. Nilicheka, ningefanya nini? Mume wangu hakucheka, nami nikajidanganya kwamba amekasirika kwa ajili yangu.

Sasa nifike Mnyambe.

Mdogo wangu Zuhura aliolewa mwaka ambao korosho zilizaa hadi matawi yakaelemewa, na harusi ilifanyika nyumbani kwetu, Mnyambe, kule Newala. Nilimwomba Fundi aje, naye alikubali bila maneno. Nyekundu kwa bwana harusi, njano kwa shehe, nyeusi kwa mshereheshaji. Ya kijani, njia ya tatu, akasema apewe mama yetu. "Kilio cha mama bibi harusi anapotoka ndicho watu wanachongojea," alisema.

Nilimfunga mama yangu mwenyewe. Chumbani, amesimama amenyoosha mikono pembeni kama mtoto anayevalishwa sare, nikapitisha utepe kiunoni mwake, nikaipitisha maiki kwa ndani na kuibana kwenye gauni lake la kijani nililomshonea.

"Hiki hakiumi?" aliniuliza.

"Hakiumi, mama. Usikiguse tu."

"Na nikitaka kusema mambo yangu?"

Nikasema yale niliyokuwa nikiwaambia wote. Yalitoka yenyewe, kama salamu. "Kamera isipokutazama, hakisikii."

"Haya, mwanangu," akasema.

Mchana, baada ya chakula cha wanaume kutoka, nilipita mezani kwa Fundi. Alikuwa amekishika kitufe cha njia ya tatu, kidole kimoja juu, mabega yanatikisika. Kisha yakaacha kutikisika, akasikiliza kwa muda, akaanza tena. Nikamwuliza, "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama Maiki," alisema. "Napima tu."

Nikatabasamu, nikaenda kucheza. Siku ile nilicheza kuliko siku zote za maisha yangu, nimefunga kanga kiunoni, sahani ya zawadi kichwani, wanawake wananipigia makofi. Kamera ilinifuata.

Wiki iliyofuata tulijaa sebuleni kwa mama kuangalia kanda. Ilikuwa alasiri, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Mume wangu alikaa karibu na mlango, mjomba kwenye kiti cha mkono, mama mkekani na mimi ubavuni mwake. Harusi ikaisha. Fundi akasema kuna ya pembeni, na watu wakaanza kucheka hata kabla ya kuona.

Kwenye kioo nikatokea mimi, ninacheza na sahani kichwani. Sauti haikuwa ya ngoma. Picha na sauti kwake zilikuwa vitu viwili, aliweza kumvika mtu yeyote maneno ya yeyote. Juu ya kucheza kwangu ilikuja sauti ya mama, ya chini, ikizungumza na mjomba, kaka yake:

"Nimeshamruhusu mume wake aoe mwingine, kaka. Nimemwambia mimi mwenyewe. Somoe hatazaa tena huyu. Aoe, ila asimwache mwanangu, amweke hata kama mlinzi wa nyumba."

Waliokuwa nyuma walicheka kwa mazoea, sekunde mbili au tatu. Kisha kicheko kikakatika, nikabaki mimi kwenye kioo, nacheza, nimefungua mdomo, meno yote nje. Fundi akakiacha kipande kikaenda hadi mwisho. Sikumtazama mama. Nilimtazama mume wangu, naye alikuwa anatazama viatu vyake, na hapo nikajua kwamba kila mtu mwenye haki ya kujua alikuwa ameshajua, nimebaki mimi.

Kisha nikacheka. Ndivyo ilivyokuwa lazima. Nilicheka kwa sauti, nikasema, "Watani hawa!" na watu wakashusha pumzi, wakacheka nami, na Fundi akaanza kukunja nyaya zake.

Nilimfuata nje, kwenye gari. "Kwa nini?" nilimwuliza.

Alizungumza chini, ikabidi nimwinamie. "Nani alimfunga?" alisema. "Nani alimwambia hakisikii?"

Mama aliishi miaka mitano baada ya hapo. Hatukuwahi kulizungumzia. Nilidhani alinichukia, kwamba alijua nimemdanganya kama nilivyowadanganya wengine, nikamvua nguo mbele ya ukoo kwa kazi ya mtu. Mara mbili alianza kusema, "Somoe, siku ile," nami mara zote mbili niliinuka kwenda kuangalia maji jikoni. Mume wangu alioa. Mke wa pili hakuzaa, akaoa wa tatu, naye hakuzaa, na hilo lilinipa furaha ambayo sijaiombea msamaha hadi leo. Mimi nilishatoka zamani kwenye ndoa ile, nikarudi kwenye cherehani yangu hapa Masasi. Ukuta wa mabanzi ulikuwa uleule. Nilimsikia Fundi kila siku akipiga kofi lake la majaribio, naye alinisikia nikikanyaga cherehani, na salamu hatukuacha. Shikamoo. Marahaba, Mama Maiki.

Kisha zikaja kamera ndogo, sauti ikawa ndani ya simu, kila kijana akawa mpiga video, na watu wakaacha kungoja wiki moja kuona harusi yao. Fundi akafunga studio. Vitu vyake viliuzwa mbele ya mlango, kimoja kimoja, na ile mashine ya njia nne hakuna aliyeitaka. Nikainunua mimi. Nilijiambia kwamba sijui kwa nini. Niliifunika kwa kitambaa pembeni ya cherehani, na kila mwezi nikaifuta vichwa vyake kwa spiriti, kama alivyonifundisha.

Mama Stella alifariki mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Nilikwenda Lisekese kuzika. Watani wenzangu walilala kwenye mkeka wakadai chakula kama desturi, na Fundi alicheka pale ilipobidi.

Alikuja kwangu wiki chache baadaye, asubuhi, kwa bodaboda. Shati lilikuwa jeupe lakini halikupigwa pasi. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatoa kanda mfukoni, imezungushiwa kitambaa kile cha hedifoni ambacho hakuruhusiwa mtu kukigusa. Ilikuwa na utepe wa kijani.

"Bado inafanya kazi?" aliuliza, akiionyesha mashine kwa kidevu.

"Inafanya."

"Zote nilizifuta," alisema. "Hii sikuifuta. Ni ya Mnyambe."

Mikono yangu ilikuwa kwenye kitambaa cha mteja, nikaendelea kukinyoosha.

"Mke wangu yumo humo," alisema. "Aliingia chumbani kwa mama yako kupeleka chakula, maiki ikamdaka. Ndiyo peke yake. Picha ninazo, sauti sina. Nimeiweka kwenye redio nyumbani. Unajua njia ya tatu kwenye redio inavyotoka." Nilijua. Redio ya kawaida inazisoma njia hizo kinyumenyume, tena polepole. "Nasikia anaongea kurudi nyuma, Mama Maiki. Kila siku anaongea kurudi nyuma."

Niliondoa kitambaa, nikaitia kanda, nikavaa hedifoni mimi. Zilikuwa moja tu. Nikafungua njia ya tatu peke yake, nikabonyeza kitufe kimoja. Kofi la Fundi likanipasukia masikioni, kofi la miaka ile, nikaruka kidogo. Yeye alikuwa ananitazama usoni kama mimi nilivyokuwa nikimtazama yeye.

Nikaipeleka mbele hadi mchana wa siku ile. Sahani zinagongana. Kisha sauti ya Mama Stella, laini, karibu kabisa.

"Shikamoo, Mama Somoe. Hicho kidude kivue kwanza."

"Marahaba. Nikivue kwa nini, mwanangu?"

"Kinasikia, mama. Baba Stella yuko hapo nje anakusikia kila neno."

Mama yangu akacheka. Kicheko chake kile cha puani, ambacho nilikuwa nimekisahau. "Hapana. Somoe kaniambia kamera isiponitazama hakisikii. Mwanangu mimi hawezi kunidanganya."

Sahani ikawekwa chini. "Haya, mama. Kula, kisipoe."

Mlango. Kisha mama akaanza kumwambia mjomba yale niliyoyasikia sebuleni, na baada yake yale ambayo Fundi aliyakata: "Usimwambie sasa, kaka. Asije akalia kwenye harusi ya mdogo wake. Mwache acheze leo."

Nikaizima.

Fundi alikuwa ameinama mbele, viganja magotini. "Umempata?" aliuliza.

Ningeweza kumpa hedifoni. Lilikuwa jambo la mkono mmoja. Nilimwona vizuri sana pale alipokaa, mzee, mjane, kola imechafuka kwa ndani, na nilimhurumia, sisemi uongo. Lakini huyu aliyasikia yote haya siku ileile. Alimsikia mkewe akimwonya mama yangu, akamsikia mama yangu akinitetea, akaukata ukweli kama uzi uliozidi, kisha akanipandisha kwenye kioo nicheze. Na miaka mitano mama yangu alijaribu kuniambia nami nikakimbilia jikoni.

Nikairudisha kanda nyuma hadi kwenye mlio wa sahani. Nikabonyeza.

Fundi akainua kichwa. Sikio lake lilikuwa bado zima. "Mama Maiki," alisema taratibu, "hizo ni mbili."

Cheupe na chekundu. Kanda ilikuwa inazunguka, na hakuna maiki iliyochomekwa, inarekodi kimya juu ya sauti zao. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye mashine, ukafika nusu, ukasimama hewani, ukarudi gotini. Mtu mmoja tu duniani alijua haraka kama mimi kwamba hapo palipopita hapatengenezeki tena.

"Hakuna kitu, Fundi," nilimwambia. "Napima tu."

Akanitazama. Sisi ni watani, na hakuachiwa mlango mwingine. Mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti, yakatikisika kwa muda mrefu, na machozi yalipomtoka hakuyafuta. Nilingoja kanda ikapita mlangoni, ikampita mjomba, ikafika kwenye neno la mwisho la mama yangu, ndipo nikaisimamisha, nikaitoa na kuizungushia kitambaa chake. Alipoomba hedifoni, nilimpa. Nikairudisha kanda mashineni, nikaipeleka nyuma hadi mwanzo, nikabonyeza kitufe kimoja, nikaendelea kushona. Aliisikiliza hadi ilipokwisha upande mzima.